Bunduki Ambayo Babu Haing'arishi

Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Bibi Bilkis,

Leo ni Jumapili, tarehe tisa, na nimejiapia kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba ameniambia niyaache kama yalivyo. Lakini kwanza shikamoo, Bibi. Magoti yanaendeleaje? Nilofar unayekaa naye alinitumia picha yako ukiwa barazani na ile kanga ya kijani, nikafurahi kuona kwamba fimbo haipo karibu. Je, dawa ya kuchua tuliyokutumia imekusaidia, au harufu yake imewafukuza wageni?

Sisi hatujambo. Theluji ya kwanza ilidondoka juzi, nyembamba, ikayeyuka kabla ya kufika chini ya jengo letu. Mama bado yuko kwenye duka la dawa, Baba bado yuko kwenye kazi yake ya bima, na mimi niko kidato cha pili kwa hesabu ya kwenu. Babu hunisahihisha Kiswahili mezani kila jioni, ila barua hii sijamwonyesha. Ukikuta makosa, ni yangu mwenyewe.

Babu, mdogo wako, ana nguvu za mwili, alhamdulillah, ila macho yanazidi kufifia. Mwezi wa tisa daktari alimwambia kwa upole kwamba kama kuna jambo anataka kuliona, asichelewe. Tulipokuwa garini tunarudi, Baba akamuuliza anataka kuona nini. Labda maporomoko ya Niagara tena? Babu akasema, "Maji nimeyaona. Nataka kumwona Bilkis akinigombeza."

Basi mpango ni huo, Bibi: Babu aje Lindi mwezi wa kwanza. Najua Baba hajakuambia, kwa sababu anaogopa kukupa matumaini yasiyotimia. Mimi nimeahidi kusema kila kitu, kwa hiyo nimesema. Babu ameshanunua jozi nne za soksi nene za kukuletea. Nilimwambia Lindi hakuna baridi. Akanijibu kwamba miguu yako ilikuwa ya baridi tangu ulipokuwa msichana, na kwamba mimi sikuwepo.

Tatizo ni nauli. Baba alitaka kuilipa yeye, Babu akakataa katakata. Alisema anakula mezani kwa mwanawe bure miaka yote hii, na safari ya kwenda kwa dada yake ataigharimia mwenyewe. Halafu akanyoosha kidole ukutani, juu ya kabati la vikombe, kwenye ile bunduki.

Unaikumbuka bila shaka. Ni ile ndefu ya Kijerumani iliyokuwa imetundikwa dukani kwa baba yenu, ya risasi moja moja, ambayo polisi wa Lindi waliitoa pini ya kufyatulia kabla Babu hajaruhusiwa kuisafirisha pamoja na vyombo vya nyumbani mwaka wa 1974. Chumani pameandikwa 1883. Mimi nimekua nikiiona kama wengine wanavyoona saa ya ukutani. Sikuwahi kufikiria kwamba ina bei.

Baba aliwauliza polisi kwanza, maana hapa mambo ya silaha si mzaha. Waliikagua, wakasema kwa umri wake na kwa hali yake inahesabiwa kuwa kitu cha kale, na tunaweza kuiuza. Basi tukaanza kutafuta bei ya haki, na hapo ndipo mimi nilipoanza kutomwamini mtu yeyote.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka la vitu vya zamani kule Scarborough, katikati ya duka la kuku wa kukaanga na ofisi ya kutuma pesa. Tulienda watatu. Baba aliibeba ndani ya blanketi, Babu akashika mkono wangu. Yule bwana aliilaza kaunta, akaitazama muda mfupi sana, akaanza kuitafutia makosa. Haina pini. Imechakaa. Chuma kimekuwa cheusi. Watu hawataki tena vitu vya Kijerumani.

"Kama hawataki, ule ukuta wote wa kofia za Kijerumani unamngoja nani?" nikamuuliza.

Baba alinikanyaga mguu. Yule bwana akacheka na kusema atatupa dola mia nne kwa kuwa anawaheshimu wazee. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ili asugue pale penye nambari, asome vizuri.

Bibi, sijawahi kumsikia Babu akipaza sauti. Hata Baba alipogonga gari hakupaza sauti. Lakini siku ile alimshika mkono yule bwana, yeye asiyeona vizuri, akaushika bila kukosea.

"Usiifute!"

"Mzee, ni vumbi tu."

"Nimesema usiifute. Hussain, funga blanketi, twende."

Ndani ya basi Baba alimsifu sana. Alidhani ni mbinu ya biashara, kumwonyesha mnunuzi kwamba huna haja naye. Mimi pia nilidhani hivyo. Babu alitazama dirishani mpaka tukashuka Don Mills.

Wa pili ni mtu unayemjua, au unayejua ukoo wake. Baba alitangaza bunduki kwa marafiki tu, na habari ikafika Unionville kwa Anko Abdulsultan, mtoto wa marehemu Mzee Bahadur aliyekuwa na duka la mabati na misumari, lile lililopakana ukuta kwa ukuta na duka lenu. Babu anasema wao waliondoka Lindi mwaka 1972, miaka miwili kabla yake, na Abdulsultan alikuwa bado anavaa kaptura za shule. Sasa ana mvi, ana kampuni ya kuuza vigae vya bafuni, na kila Idi huwa anatupigia simu, basi. Miaka yote hii amekuja nyumbani kwetu mara chache sana. Safari hii alikuja siku iliyofuata, na sanduku la maandazi.

Baba alikuwa amenifundisha mpango. "Tutaanza na elfu nne. Atasema mbili. Tutavutana, tutafika tatu, kila mtu atafurahi." Kwa hiyo Babu, akikoroga chai, akasema elfu nne.

"Sawa," akasema Anko Abdulsultan.

Kijiko cha Babu kikasimama. "Sawa nini?"

"Sawa, nne."

"Wewe kweli ni mtoto wa Bahadur? Bahadur alikuwa akiomba punguzo hata kwenye dawa ya kuhara!"

Anko alicheka mpaka akakohoa, na Baba akacheka, na Mama jikoni akacheka. Lakini Anko hakurudi tena kwenye bei. Aliinuka, akaishusha bunduki ukutani, akaishika kwa mikono miwili. Wakati Babu akiendelea kusimulia ubahili wa marehemu, mimi nilikuwa naangalia mkono wa Anko. Ulienda chini ya kitako, upande wa ndani usioonekana, ukapapasa na kusimama mahali pamoja, kama mtu anavyotafuta swichi ya taa gizani nyumbani kwake mwenyewe. Alipoondoka nilipaangalia mahali pale. Kuna kovu dogo la moto kwenye mti, ukubwa wa shilingi. Nimeishi na bunduki hiyo tangu kuzaliwa, na sikujua kwamba lipo.

Nilimsindikiza hadi kwenye lifti.

"Anko, hukuomba kupunguziwa."

"Bei mmetaja nyie, mwanangu."

"Na kama tungetaja elfu sita?"

Alibonyeza kitufe cha lifti, ingawa kilikuwa kinawaka tayari. "Bei yake ya haki babu yako anaijua kuliko mimi," akasema. "Nimekaa miaka mingi namngoja aitaje." Lifti ikafika, akaniwekea mkono kichwani kunibariki, akaingia.

Nilimweleza Baba maneno hayo. Alisema matajiri wa Unionville wana ugonjwa wa kukumbuka nyumbani, wanalipia hata jiwe likitoka Lindi, na kwamba mimi nimesoma hadithi nyingi za wapelelezi. "Mtu akikupa kidogo unamshuku. Akikupa kingi unamshuku. Sasa mtu afanyeje na wewe?"

Swali lake lilikuwa la haki, kwa hiyo niliamua nisishuku bila kujua. Mwalimu wangu wa historia alinielekeza kwa mthamini, mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la jeshi, ambaye sasa anathamini vitu vya kale kwa ajili ya minada. Baba alikubali tumpelekee. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na haraka, na kwa sababu hanunui: analipwa kutazama tu.

Nikueleze alivyofanya, maana nimejifunza mengi. Kwanza alisoma nambari kwenye kila kipande, akaona zote zinalingana, ila pini tu haipo. Akatuambia kwamba bei anayoomba muuzaji haina maana yoyote, tutazame bei ambazo watu wamekwisha kulipa mnadani. Halafu akavaa miwani yake mingine, akaangalia mti na chuma kwa taa ndogo.

"Nani ameitunza hii?" akauliza.

"Babu yangu. Na kabla yake, baba yake."

"Walifundishwa na nani?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba bunduki nyingi za aina hii humfikia zikiwa zimeharibiwa na upendo. Watoto na wajukuu huzipiga msasa, huzipaka vanishi, huzisugua mpaka ziwake kama vijiko, na kila wanaposugua wanafuta thamani yake. Hii yetu ina rangi yake ya kwanza. Ina jasho la mikono ya askari aliyeibeba. "Hakuna mtu aliyewahi kuigusa kwa kitambaa," akasema. "Sijui kama nimewahi kuona familia yenye subira namna hii."

Akasema elfu tatu na nusu, na kwa mnunuzi anayeitaka kweli, hata elfu nne. Kwa hiyo Anko Abdulsultan hakutudanganya. Bei ni ya haki kabisa. Baba alinitazama njia nzima ya kurudi akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi, na mimi nikamwomba radhi.

Ningeishia hapo, Bibi, na barua hii ingekuwa ya kukupa habari njema tu. Lakini maneno ya yule mama hayakunitoka kichwani. Familia yenye subira! Sisi?

Unamjua Babu. Kila Jumamosi baada ya chai anatandaza magazeti mezani, na tunang'arisha. Tunang'arisha masinia ya shaba, birika, kile kinu cha pilipili cha mama yenu, vitasa vya milango, hata bomba la jikoni ambalo ni mali ya mwenye jengo. Jirani mmoja alituachia baiskeli yake kwenye korido, Babu akaing'arisha kengele. Sasa haoni vizuri, anang'arisha kwa vidole, akisikiliza kama chuma kinalia. Mtu huyo ameishi na bunduki yenye vumbi ukutani mwake zaidi ya miaka hamsini, na hajawahi hata mara moja kuishusha Jumamosi.

Jana tulipokuwa kwenye masinia nilimuuliza.

"Babu, kwa nini bunduki huing'arishi?"

Kitambaa kikaenda polepole. "Ile? Ile haing'arishwi."

"Kwa nini?"

"Baba alisema isiguswe."

"Alisema kwa nini?"

"Siku zile hatukuwa tukiuliza wazee kwa nini, kama nyie mnavyotuchosha. Mambo ya duka alikuwa akiyajua Bilkis. Yeye ndiye aliyekaa kaunta. Mimi nilikuwa mtoto wa mpira." Akasugua sinia ambalo lilikuwa limeshawaka. Baadaye kidogo akasema, "Lete lile birika." Nikalileta.

Bibi, ulipokuja Toronto nilikuwa darasa la tatu. Ulikuwa ukinisuka nywele jikoni na kunisimulia habari za duka. Uliniambia kwamba watu wa Lindi wakisafiri waliacha vitu vyao kwa baba yenu, kwa sababu alikuwa mwaminifu: cherehani, redio, mabakuli, mara moja hata kasuku. Uliniambia kwamba ulipokuwa msichana ulilifuta vumbi cherehani la jirani aliyekwenda Hija, ukidhani unafanya wema, na baba yenu alikugombeza mpaka ukalia. Nakumbuka maneno yake kwa sababu uliyasema kwa sauti yake nzito, na mimi nikacheka. "Usifute. Kitu cha amana kinarudi kama kilivyokuja. Hata vumbi lake ni lao."

Jana, nikiwa na birika mkononi, nilisikia maneno yale tena, na sikucheka.

Sasa unaona ninachokishuku. Sisemi kwamba Babu anajua. Nimemtazama sana, na naamini hajui; ametii amri ya baba yake bila kuifungua ndani, kama mtu anayebeba bahasha ya mwingine. Wala simjui Anko Abdulsultan vizuri kiasi cha kusema anawaza nini. Labda alipoiona alikuwa mtoto tu, anapita dukani kwenu kununua peremende, na lile kovu la moto alionyeshwa na mtu. Au labda yeye ndiye aliyelifanya, kwa kaa la moto, nyumbani kwao, na amekuwa akingoja miaka yote hii Babu aseme neno moja, na aliposikia Babu anasema "elfu nne" badala yake, akaona aibu kwa niaba yetu, akajibu sawa.

Nimejaribu kulipima jambo hili kama yule mthamini: nambari, mti, chuma, bei zilizokwisha kulipwa. Halipimiki hivyo. Kile kile kinachoifanya bunduki iwe na thamani ya nauli ya Babu ndicho kinachoniambia kwamba huenda si yetu kuiuza. Laiti tungekuwa tumeing'arisha! Ingekuwa ya dola mia nne, na mimi ningelala vizuri.

Anko atakuja kuichukua Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Hela atakuja nazo siku hiyo hiyo. Bado hatujapokea kitu. Baba nimemwambia, na jibu lake ni kwamba mambo ya kale yaachwe kale, na kwamba hakuna anayedai. Hakusema hivyo kwa ubaya. Anataka baba yake akuone akiwa bado ana macho. Mimi pia nataka hivyo, kuliko anavyodhani.

Namjua Babu, na wewe unamjua zaidi. Kama ilikuwa amana, atamkabidhi Abdulsultan mlangoni, hatachukua hata senti, na hatakubali mtu amlipie nauli. Soksi zako zitakaa kabatini. Kwa hiyo naelewa ninachokuomba, Bibi. Nakuomba useme neno ambalo linaweza kukunyima mdogo wako. Nilifikiri nisikuulize. Halafu nikafikiri kwamba wewe ndiye uliyenifundisha habari ya vumbi, na kwamba ungenigombeza zaidi kwa kukuficha kuliko kwa kukuuliza.

Mimi bado nina matumaini. Huenda utaniambia kwamba baba yenu aliinunua mnadani, kwamba hakutaka watoto waiguse kwa sababu ni hatari, na kwamba mimi ni msichana mwenye kichwa cha moto. Nitafurahi mno kuambiwa hivyo. Na kama sivyo, nimeshaomba kazi ya Jumamosi mchana kwenye duka la vifaa vya shule, na huenda Babu akakubali zawadi ya mjukuu kwa urahisi kuliko ya mtoto. Itachukua muda mrefu. Nitamwomba Mungu ayatunze macho yake mpaka wakati huo.

Azmina, rafiki wa Mama, anasafiri keshokutwa, na atampa Nilofar barua hii mkononi. Tafadhali usingoje mtu wa kurudi huku. Mwambie Nilofar anipigie mimi, si Baba, saa moja asubuhi kwa saa za hapa, kabla sijaenda shule.

Nisalimie Nilofar na mumewe Aliakbar, Bibi Zeena wa nyumba ya pili, na Mzee Rafiq, umwambie Babu anasema bado anakumbuka lile goli. Mama anakuombea dua kila sala ya alfajiri. Mungu akupe magoti mepesi na mgeni umpendaye mlangoni.

Nakuuliza basi, Bibi, wewe uliyekaa kaunta: siku ile Mzee Bahadur alipoondoka Lindi, aliingia dukani kwenu na bunduki ile mkononi, au alikuja kuaga mikono mitupu?

Mjukuu wako anayekupenda na kungoja sauti yako,
Qurratulain